Saini ya Pili

Tarehe 4, mwezi wa pili

Dada,

Dhumuni la barua hii si kukujulia hali. Hali yako naijua, kila mwezi inanifikia kwa basi ndani ya bahasha ya kaki: fomu ya benki ya kutolea pesa ya Mama, umeijaza, umesaini, na mahali pa saini ya pili umenichorea X kwa kalamu nyekundu kama vile mimi ni mtoto wa chekechea.

Fomu ya mwezi huu nakurudishia bila saini. Usishtuke, hujakosea kuijaza. Nimechoka tu kusaini hewa. Mimi ni msimamizi wa ghala, mwaka wa kumi na moja huu. Kwangu hautoki hata msumari bila karatasi inayosema nani kauchukua, unakwenda wapi, kwa kazi gani. Halafu mwisho wa mwezi nakaa mezani kwangu nasaini pesa ya mama yangu mzazi itoke, na maelezo yenyewe ni maneno mawili: "matumizi ya Mama." Matumizi gani? Mama anakula kama kifaranga. Hatoki. Nguo anazo alizojishonea tangu enzi zile. Yule kinyozi aliyepanga chumba cha mbele analipa kodi kila mwezi. Kwa hesabu yangu akaunti ingetakiwa kuwa inanenepa, na kila nikiitazama inakonda.

Nataka risiti. Miezi mitatu, zote, zimepangwa kwa tarehe. Nikiziona, nasaini siku hiyo hiyo. Benki wanataka saini zetu wote wawili, na Mama hakuniweka pale kama pambo.

Na hili la kunifungia simu ni utoto. Una miaka hamsini.

Mdogo wako


Tarehe 9, mwezi wa pili

Bwana Stoo,

Simu nimekufungia kwa sababu kwenye simu unasema neno leo, kesho unalikana. Karatasi haina pa kukimbilia. Hii yako naiweka.

Risiti za duka la dawa hizo hapo, nimezibana kwa pini. Za nepi hizo hapo. Ya nyanya hakuna. Muuza nyanya hatoi risiti, anatoa nyongeza. Ya yule fundi aliyebadilisha kitasa cha geti, baada ya Mama kutoka na kukutwa kituo cha mafuta akiuliza wenye magari nani anaelekea shuleni, nayo hakuna. Alikuja na nyundo, hakuja na kitabu cha risiti. Za sabuni ya unga zipo mbili kati ya tisa, maana nyingine Mama alizichukua akazichana vipande vidogo vidogo akasema anakata kitambaa.

Unasema anakula kama kifaranga. Nani kakwambia? Anakula, anafuta mdomo, dakika kumi baadaye anamwambia kinyozi kwamba ananyimwa chakula tangu jana. Basi anawekewa tena. Kila siku nafua shuka mbili, siku mbaya nne. Unajua uzito wa shuka iliyolowa mkojo? Huko ghalani si mna mizani, kaipime.

Saluni yangu niliifunga mwezi wa kumi, kama hukujua, na hukujua kwa sababu hukuuliza. Viti viwili nimeuza. Nasuka wateja wawili watatu hapa sebuleni huku jicho liko kwake, maana nikimpa kisogo tu, huyo! Ukimchunguza sana bata humli, mdogo wangu, lakini wewe bata huyu hata kumfuga hujawahi.

Fomu nimeirudisha humu. Nepi zimebaki pakiti moja na nusu. Saini.

Dada yako


Tarehe 16, mwezi wa pili

Dada,

Risiti nimezipanga. Kati ya miezi mitatu umeniletea karatasi zinazofika mwezi mmoja na kidogo. Mengine yote ni hadithi za nyanya na nyundo. Kama ungekuwa kijana wangu wa stoo ungekuwa umeshakabidhi funguo.

Lakini si hilo lililonifanya nikae chini niandike. Jumapili nilimpigia Mama kwa simu ya kinyozi. Kinyozi akampelekea, akatoka nje, Mama akaongea nami kama dakika kumi. Alinijua, Dada. Aliuliza kama bado nahesabu hesabu zangu. Halafu akashusha sauti, karibu nisimsikie, akaniambia humo ndani kuna mfanyakazi wa kike anayemwibia. Anasema ni mwanamke mnene kidogo, ana sauti kali. Kamchukulia mkasi wake wa kazi. Anaficha funguo. Anamfungia geti. Chakula cha Mama anakula yeye. Mama alikuwa analia, mtu mzima yule, analia polepole ili asisikike.

Kwa hiyo kuna mfanyakazi. Hukuwahi kuniambia kuna mfanyakazi! Anaitwa nani? Analipwa na nani? Ndiyo hiyo "matumizi ya Mama"? Umemweka mwizi ndani, unampa mshahara kutoka mfukoni mwa anayeibiwa, halafu unanitumia risiti za sabuni. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na huyu yuko mpaka chumbani.

Mfukuze. Akishaondoka nijulishe, nitasaini. Kabla ya hapo sisaini kitu.

Mdogo wako


Tarehe 21, mwezi wa pili

Bwana Stoo,

Huyo mfanyakazi namfahamu vizuri. Hafukuziki. Hana mshahara, kwa hiyo huna cha kumkata. Hana likizo, kwa hiyo huna cha kumsimamisha. Mkasi kweli kauchukua, kwa sababu Mama alikuwa anakata pazia akisema ni sare za darasa la pili, na siku iliyofuata alitaka kukata waya wa pasi.

Zaidi ya hapo sina la kukueleza juu yake. Kama umemwamini Mama, endelea kumwamini.

Kinyozi kanikopesha kodi ya mwezi ujao. Ameitoa bila neno, akaniomba tu nisimwambie mke wake. Mwanamume asiye ndugu yetu ananunua nepi za mama yako, na wewe uliyetoka tumboni mwake umeshika kalamu mkononi hutaki kuishusha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiubeba wewe ndipo utajua ni mawe.

Fomu ile ile. Mara ya tatu. Imeshaanza kuchakaa kwenye mkunjo.

Dada yako mwenye sauti


Tarehe 1, mwezi wa tatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwanao hapa. Wajukuu wote hawajambo, mkweo anakusalimia sana.

Mama, nakuandikia wewe mwenyewe, maana kupitia kwa Dada mambo hayafiki. Najua unaibiwa. Usiogope, nalishughulikia. Ndani ya bahasha kuna karatasi moja, nimekuandalia, inasema kwamba kuanzia sasa unataka pesa yako isimamiwe na mimi peke yangu. Isome, ukiridhika weka saini yako chini, pale penye mstari, uirudishe kwenye bahasha niliyoweka stempu. Usimwonyeshe Dada wala yule mfanyakazi.

Nitakuja kukuona kazi ikipungua.

Mwanao


Tarehe 7, mwezi wa tatu

Kwa Mzazi wa Mwanafunzi,

Salamu kwako. Barua nimeipata. Umeniletea karatasi nisaini. Mimi sisaini karatasi za watu, mimi nashona. Karatasi yako ilikuwa ngumu nzuri, nimeitumia kukatia kielelezo cha kola, samahani.

Sare ya mwanao iko tayari tangu wiki iliyopita, kaptula mbili, mashati mawili. Kaptula nimeacha pindo nene kwa ndani. Akirefuka usinunue nyingine, niletee niishushe. Kama hela haijapatikana mtume mtoto aje achukue tu, asikae nyumbani kwa ajili ya kaptula. Mtalipa mkijaliwa. Nakuambia hivi kwa sababu barua yako ina uchungu, na mzazi akiandika kwa uchungu mara nyingi ni hela.

Na mimi nina wa kiume. Anasoma. Anapenda kuhesabu vitu mpaka anatuchosha. Vifungo vya shati ni saba, hesabu mbele ya mtoto ili tusije tukalaumiana.

Mshonaji


Tarehe 13, mwezi wa tatu

Dada,

Nimepata jibu la Mama. Mwandiko ni wake, naujua, ule ule wa kwenye madaftari ya vipimo vya wateja. Maneno si yake. Mama niliyezungumza naye Jumapili ile alinijua. Huyu aliyeandika hanijui. Sasa katikati hapo kumetokea nini? Umemsomea nini? Umemnywesha nini?

Usiniambie ni ugonjwa. Kila kitu kwako ni ugonjwa. Ugonjwa wa kusahau haufanyi kazi siku moja ukapumzika siku nyingine kama mlinzi wa zamu.

Nimekuwa mpole kiasi cha kutosha. Nakupa mpaka tarehe ishirini na tano. Mwanamke huyo akiwa bado yumo ndani ya nyumba ya mama yangu siku hiyo, naiandikia benki barua wasimamishe akaunti yote, isitoke hata thumni, mpaka uchunguzwe wewe na huyo mshirika wako. Barua ninayo tayari, imebaki kutia tarehe. Neno nililoandika ni "wizi." Nilitafuta lingine la adabu zaidi nikalikosa.

Mdogo wako


Tarehe 20, mwezi wa tatu

Mdogo wangu,

Hii nimeiweka kwenye mkoba wa Mama. Nitamwambia wifi akupe ukitoka kazini, kabla hujafungua mdomo. Usimfokee. Ukiisoma hii, yeye atakuwa alifungua tu mlango akakuta wageni wawili, akageuka kuchemsha chai, na aliporudi mgeni alikuwa mmoja.

Mfanyakazi nimemfukuza kama ulivyoagiza. Yupo stendi sasa hivi, anasubiri basi la kurudi. Mwanamke mnene kidogo mwenye sauti kali ni mimi, we mjinga.

Mama hanijui. Ni mwezi wa saba sasa. Asubuhi moja nilimpelekea chai, akaishika, akashukuru vizuri, halafu akaniuliza nimeletwa na nani na nalipwa kiasi gani. Nikacheka, nikadhani utani. Nikamwambia Mama, mimi binti yako. Akanitazama juu mpaka chini, akasema binti yangu ni mwembamba. Tangu siku hiyo mimi ni mfanyakazi, na tangu wiki iliyofuata mimi ni mwizi. Nikifua nguo zake nimeiba. Nikimwogesha anaita watu. Jirani mmoja alishakuja na fimbo. Wewe unampigia dakika kumi Jumapili anakujua, kwa hiyo ukaona anajua yote.

Sikukwambia kwa sababu niliona haya. Utasemaje kwamba mama yako aliyekuzaa hakutambui? Nilidhani nikinyamaza itapita, kama mafua. Sasa umejua, furahi.

Na kingine ulicho nacho kichwani nikutolee. Umeandika kwamba Mama hakukuweka benki kama pambo. Mama hakukuweka. Siku ile tulipokwenda, akili bado ikiwa yake, alimwambia yule dada wa benki: mwandike huyu peke yake, ndiye ninayekaa naye. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema hapana, mwandike na mdogo wangu, wote tusaini, ili isije siku akasema nilikula. Mama akaniambia unajitafutia kazi. Mbele ya yule dada wa benki aliniambia hivyo, nikajibu hujui, Mama, bora saini mbili kuliko maneno. Nimeyapata yote mawili!

Dawa ziko kwenye mfuko wa bluu. Nyeupe asubuhi, ya njano jioni, ukimpa ya njano asubuhi atalala kama gogo halafu usiku wote atatembea. Usimbishie. Akisema leo ni Jumatano na ni Jumamosi, ni Jumatano. Akitaka kwenda nyumbani usimwambie hapa ni nyumbani, mzungushe nje kidogo mrudi. Geti lifungwe. Jiko lifungwe. Mkasi ufiche, utakuwa mwizi lakini utakuwa na mapazia.

Fomu za benki nazo zimo kwenye mkoba, tano. Hazina saini yangu.

Dada yako


Tarehe 3, mwezi wa nne

Dada,

Ulichofanya hakina jina. Mtu anamtua mama yake mlangoni kama gunia la mkaa, anaondoka? Hata maji hukunywa! Wifi yako hajaacha kulia mpaka leo, nami siku tatu za kwanza nilikuwa nakutukana peke yangu bafuni ili watoto wasisikie. Nilikuwa nimeshaanza kuandika barua nyingine kabla ya hii. Ilikuwa mbaya sana.

Leo ni siku ya kumi na nne. Kazini nimeomba ruhusa mara mbili, mara ya tatu bosi ameniambia nichague. Mama ametoka geti mara nne. Mara ya mwisho nilimkuta kwenye duka la vifaa vya shule anapekua sare zilizotundikwa, anamwambia mwenye duka pindo hili limelipuliwa, huyu mtoto atabaki uchi. Mwenye duka akaniuliza bibi ni fundi? Nikasema alikuwa fundi. Mama akasema "nani alikuwa?"

Wifi yako sasa ndiye mwizi. Anaficha mitandio. Mimi wakati mwingine ni mwanawe, wakati mwingine ni yule baba wa ghala anayekaa nao hapa. Jana nilikwenda kununua nepi, kijana wa duka akaniuliza mzee nikuandikie risiti, nikamwambia sina muda wa risiti. Nilifika nje ndipo nikajisikia. Ukicheka una haki.

Kuna jambo lazima nikwambie, na nikisubiri sitalisema. Juzi asubuhi Mama alinivuta pembeni akanitia mkononi kipande cha gazeti kimekunjwa vizuri. "Ada yako hiyo, usimwambie dada yako." Nikamrudishia. Akalia. Basi nikakipokea, nikakitia mfukoni, akafurahi mno, akanishika shavu. Saa nne akaniletea kingine. Mchana kingine.

Dada, mwaka jana nilipokuja, mwezi wa sita, alifanya hivyo hivyo, ila haikuwa gazeti. Ilikuwa kodi ya kinyozi, kwenye droo ya cherehani. Alinipa mara tatu siku ile ile wewe ukiwa saluni. Mara ya kwanza nilidhani ameamua kunisaidia, nikapokea kama mtoto anavyopokea. Mara ya pili nilijua. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa namsubiri aje. Nilizitumia kulipia gari. Nadhani ndiyo maana nilitaka sana apatikane mwizi mwingine. Siombi unisamehe, naandika tu liwe kwenye karatasi, kama unavyopenda.

Barua ya benki nimeichana.

Sasa hili la mwisho. Jana nilikuwa mezani, Mama akaja akasimama, akaniuliza kwa adabu zote, "Baba, wewe unajua kuandika?" Nikasema najua. Akasema nimwandikie binti yake barua. Nikachukua kalamu. Haya ni maneno yake, sijatia langu:

"Mwanangu, nipo kwa watu nisiowajua. Si wabaya lakini hawajui kazi. Yule mwanamke ananiibia. Huyu baba anahesabu vidonge mpaka nasinzia. Nawaambia kila siku mimi nina binti yangu, ana mikono mepesi, ananisuka bila kuniumiza. Ananifulia. Kila kitu changu anacho yeye na hata siku moja hajanichukulia sindano. Wanasema watakuita. Njoo unichukue. Ukija usiwape hela, tumeshawalipa."

Aliniambia nimsomee tena, nikamsomea, akasema sawa, sasa ipeleke.

Fomu hiyo nimeijaza. Nimesaini pa kwangu. Risiti sina hata moja. Naomba saini yako, Dada, na naomba uje.

Mdogo wako


Tarehe 8, mwezi wa nne

Mdogo wangu,

Barua nimeisomea pale pale ofisi ya mizigo, nimesimama, watu wananipita na maboksi. Yule karani akaniuliza mama kuna msiba? Nikamwambia hakuna, niache.

Kwanza la pesa. Kumbe! Wiki nzima niliitafuta ile kodi. Nilitoa droo nzima nikaigeuza. Halafu nikamwendea kinyozi, mbele ya wateja wake, mmoja ana povu nusu kichwa, nikamwambia hujalipa. Akasema nimelipa, nikamwambia mwongo mkubwa we. Aliondoka, akarudi na pesa nyingine, akanipa ili yaishe, na mwezi mzima sikuitikia salamu yake. Ndiye huyo huyo aliyekuja kutukopesha. Kwa hiyo na mimi nina mtu niliyemwita mwizi. Leo asubuhi nimekwenda kumwomba radhi, amesema ameshasahau, nikamwambia usiseme neno hilo nyumbani kwetu. Deni ni lako. Utalileta kwa mkono wako, si kwa basi, na utamtazama usoni. Mimi bado nina hasira na wewe, usidhani barua moja imeisafisha. Ungekuwa mbele yangu sasa hivi ningekupiga kofi.

Fomu nimesaini. Sikuulizi risiti. Pesa ni yake, mnunulieni anachotaka, na mtafutie wifi msichana wa kumsaidia, mumlipe kutoka humo humo. Msichana huyo ataitwa mwizi tangu siku ya pili, mwelezeni mapema.

Kuhusu kuja.

Nimeyasoma maneno ya Mama mpaka nayajua. Ni wewe uliyeyaandika na mwandiko wako mbaya ule, lakini nasikia sauti yake. Mikono mepesi. Hajawahi kuniambia hivyo hata alipokuwa mzima, unamjua alivyokuwa, kusifu alikuwa anasifu kitambaa. Miezi saba nimekaa naye chumba kimoja, nimemlisha, nimemnawisha, hana binti. Nimemwacha wiki mbili kwa watu wasiojua kazi, ana binti.

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo tulivyofundishwa. Kwa Mama ni aliyepo ndiye hana lake. Nikipanda basi leo atakuwa na binti njia nzima, mpaka nafika hapo getini kwako. Nikishaingia ndani na unene wangu, atakuwa na mwizi. Atakushika mkono akuulize huyu nani tena mmemleta.

Kwa hiyo siji. Usiniite katili, nimeshajiita mwenyewe. Nitakuja, ni mama yangu na nyumba yake iko hapa imefagiwa, lakini si wiki hii wala ijayo. Niache kidogo nikiwa mwanawe. Kila Jumapili nenda naye mezani, chukua kalamu, andika anachosema juu yangu, neno kwa neno, usiongeze cha kunifurahisha. Tuma na basi la Jumatatu.

Na akikuuliza kama barua yake umeipeleka, mwambie umeipeleka. Mwambie niko njiani. Atasahau, atauliza tena baada ya dakika tano, usichoke, mwambie tena niko njiani.

Binti yake